Tuwafunze wanafunzi kuuliza kabla ya kuwapa mtambo

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hata hivyo, kuuliza nako kuna adabu yake na ufundi wake, na asiyejua kuuliza aweza kukaa kando ya kisima akafa kwa kiu. Hofu yangu ni kwamba hali hiyo itawafika wanafunzi wetu wa shule za upili katika zama hizi ambapo kila mkubwa anayesimama jukwaani huhubiri habari za tarakilishi na mtandao wa intaneti.

Mwezi wa Januari mwaka 2026, kundi la kwanza la wanafunzi wa Mtaala wa Umilisi liliingia Gredi ya 10, yaani mlango wa sekondari ya juu. Mfumo wa 8-4-4 tuliouzoea unaelekea ukingoni. Mtaala huu mpya haumtaki mwanafunzi akariri tu na kuyatapika aliyoyakariri siku ya mtihani. Unamtaka atende, achunguze mambo yanayoihusu jamii yake, aandike alichokiona na akitetee mbele ya wenzake. Kwa ufupi, unamtaka awe mtafiti mdogo.

Hapana mtu mwenye akili timamu atakayelipinga lengo hilo. Swali langu ni moja tu: mtafiti huyo mdogo atapata wapi maandishi ya kuanzia?

Katika shule zetu nyingi, neno maktaba lina maana ya chumba kilichofungwa kwa kufuli, na ufunguo wake uko mfukoni mwa mwalimu wa Kiingereza au wa Kiswahili ambaye ana vipindi vyake vya kutosha kumchosha. Ndani mna nakala nyingi za kitabu kimoja cha kiada, magazeti ya kale na kamusi zilizopoteza majalada. Mwanafunzi anayetaka kuchunguza ukame wa kwao Kitui au uvuvi wa kwao Lamu hawezi kupata humo hata kurasa tatu za kumfaa.

Ndiyo maana wengi wamekuwa wakipendekeza kwamba shule ziruke hatua hiyo ya rafu na vitabu, ziingie moja kwa moja katika hifadhidata za makala zilizomo mtandaoni. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo halizungumzwi, nalo ni la lugha. Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, sina budi kulizungumza.

Kwanza, tuelewane tunazungumzia nini. Hifadhidata, au kanzidata kama wapendavyo kusema jirani zetu wa Tanzania, ni ghala la maandishi yaliyopangwa kwa utaratibu. Kila makala yaliyomo yana kitambulisho chake: jina la mwandishi, anwani, jina la jarida, mwaka wa kuchapishwa, ikisiri inayoeleza kwa ufupi makala yanahusu nini, na orodha ya maneno msingi. Msomaji huandika neno au maneno katika kisanduku, nao mtambo humletea makala ambayo vitambulisho vyake, na pengine matini yake yote, vina maneno hayo.

Mojawapo ya ghala maarufu za aina hii ni JSTOR, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995. Mwasisi wake, William Bowen, aliyekuwa rais wa Wakfu wa Mellon, aliona kwamba maktaba za vyuo zilikuwa zikielemewa na majarida ya kale kiasi cha kukosa rafu za kuyawekea. Tatizo lao lilikuwa wingi wa vitabu na uhaba wa rafu, ilhali letu ni rafu zisizo na vitabu. Wao waliingia katika hifadhidata wakitoka maktabani, tena wakiwa tayari wamefunzwa jinsi maktaba inavyofanya kazi. Sisi tunataka kuwaingiza watoto humo kabla hawajaiona maktaba. Tofauti hiyo si ndogo.

Bara letu nalo halikukaa bure. Mwaka 1998 kulianzishwa hifadhidata ya majarida ya Kiafrika, inayojulikana kwa kifupi kama AJOL, ambayo leo makao yake yako Afrika Kusini na ambayo imekusanya majarida zaidi ya 500 yanayochapishwa barani. Sehemu kubwa ya makala yake husomwa bila malipo. Huko Uswidi, Chuo Kikuu cha Lund kilianzisha mwaka 2003 orodha ya majarida huria, DOAJ, ambayo humsaidia msomaji kuyatambua majarida ya kweli na kuyaepuka yale ya ulaghai, yanayochapisha chochote mradi mwandishi ametoa pesa. JSTOR yenyewe ilifungua mwaka 2011 makala yake ya kale, yaliyochapishwa Marekani kabla ya 1923 na kwingineko kabla ya 1870, ili yasomwe na yeyote. Aidha, vyuo vikuu vyetu vya umma vina hazina za mtandaoni zenye tasnifu za wanafunzi wao, nazo baadhi zimeandikwa kwa Kiswahili.

Msomaji huenda akauliza: kwani huduma za kawaida za kutafuta mambo mtandaoni hazitoshi? Mbona siku hizi kuna hata mitambo inayojibu swali lolote kama mtu anayezungumza?

Jibu ni kwamba hifadhidata nzuri humpa mwanafunzi kitu ambacho mitambo hiyo haiwezi kumhakikishia: makala yaliyopo kweli, yenye mwandishi anayeweza kuulizwa, ambayo kwa kawaida yamepitiwa na wasomi wengine kabla ya kuchapishwa. Mwezi wa Juni mwaka 2023, jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwepo. Walikuwa wamezipata kwa kuuliza mtambo wa aina hiyo, nao ukawabunia. Ikiwa mawakili waliosomea kazi yao wanaweza kuingia mtego huo, sembuse mtoto wa Gredi ya 10?

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yangu. Chukua mfano wa mwanafunzi wa kike huko Trans Nzoia, ambako mahindi ndiyo maisha. Amewaona viwavijeshi wakilitafuna shamba la babake, naye ameamua mradi wake uwe juu ya wadudu hao. Swali lake ni zuri, na linaihusu jamii yake kama mtaala unavyotaka. Tuseme, kwa bahati, kwamba shule yake ina tarakilishi, umeme na mtandao. Anaketi, anaandika katika kisanduku: "Je, tutawezaje kuwamaliza viwavijeshi wanaokula mahindi yetu?"

Mtambo unamjibu kwamba hakuna kilichopatikana.

Mtoto huyu atafikia uamuzi gani? Atadhani kwamba hakuna mtu aliyewahi kulichunguza jambo hilo, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Viwavijeshi hawa, ambao asili yao ni Amerika, waligunduliwa barani Afrika mwaka 2016 na kuthibitishwa nchini Kenya mwaka 2017. Tangu hapo wameandikiwa makala mengi sana. Isitoshe, baadhi ya utafiti wenyewe umefanywa hapa hapa kwetu. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, chenye makao Nairobi na tawi lake Mbita kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, kilishirikiana na wenzake tangu miaka ya 1990 kubuni mbinu ya kusukuma na kuvuta. Mkulima hupanda desmodi katikati ya mahindi ili harufu yake iwafukuze wadudu, kisha huzungusha nyasi maalumu kando ya shamba ili ziwavute huko. Mbinu hiyo ilikusudiwa kupambana na viwavi wanaotoboa mabua. Lakini uchunguzi uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba mashamba yanayoitumia hushambuliwa kidogo zaidi hata na viwavijeshi hawa wageni.

Kwa hiyo jibu lipo, tena limetoka katika mashamba ya wakulima wadogo kama babake. Lakini limehifadhiwa chini ya maneno asiyoyajua. Limeandikwa kwa Kiingereza, na mdudu mwenyewe ametajwa kwa jina lake la kisayansi, Spodoptera frugiperda. Hata akijua Kiingereza, atakuta kwamba Waingereza huyaita mahindi maize na Wamarekani huyaita corn, na kwamba akiandika neno moja huenda akayakosa makala yaliyotumia lile jingine. Tena kuna kiwavijeshi mwingine, mwenyeji wa Afrika tangu kale, aitwaye Spodoptera exempta. Asiyewatofautisha wawili hao atachanganya habari zao katika ripoti yake bila kujua.

Ukitazama vizuri, utaona kwamba matatizo haya hayahusu umeme wala nyaya, kwa kuwa ni matatizo ya maneno: visawe, majina ya mahali na mahali, istilahi, umoja na wingi. Haya ndiyo mambo ambayo mwalimu wa lugha hufundisha kila siku darasani. Kutafuta katika hifadhidata ni somo la lugha kabla ya kuwa somo la tarakilishi.

Ukweli huu unazidi kudhihirika tunapotaka kutafuta kwa Kiswahili. Mitambo ya kutafuta makala ilibuniwa na watu waliokuwa wakifikiria Kiingereza, lugha ambayo aghalabu hubadilisha maneno yake kwa kuongeza viambishi mwishoni. Mwaka 1980 Mwingereza Martin Porter alichapisha kanuni za kuvikata viambishi hivyo vya mwishoni ili mtambo utambue kwamba maneno yenye shina moja ni ndugu. Kanuni hizo, na nyingine zilizofuata mfano wake, zimetumika sana duniani. Vilevile, hifadhidata nyingi humruhusu msomaji kuandika mwanzo wa neno kisha kinyota, nao mtambo humletea maneno yote yanayoanza hivyo, hata yawe na miisho gani.

Kiswahili hakiendi hivyo. Lugha yetu huvaa viambishi mbele na nyuma, na mara nyingi vya mbele ndivyo vinavyobeba umoja na wingi, nafsi na wakati. Chukua shina -lim-. Kutokana nalo tuna lima, analima, wakilima, limwa, mkulima, wakulima, ukulima na kilimo. Ukiandika lim na kinyota, utaletewa lima na limwa, pamoja na limau la kutia katika chai, lakini hutamwona mkulima hata mmoja. Ukiandika kilim na kinyota, utapata kilimo, ndiyo, lakini utapata pia kilima, na juu yake mlima Kilimanjaro. Ama maneno kama jino na meno, au ugonjwa na magonjwa, mtambo hauna habari kwamba ni umoja na wingi wa kitu kimoja.

Vivyo hivyo kwa istilahi. Jambo moja la kisayansi lina majina mawili au matatu katika Kiswahili, kutegemea mwandishi alisoma wapi. Mmoja ataandika mabadiliko ya tabianchi, mwingine mabadiliko ya hali ya hewa, na wa tatu mabadiliko ya tabia ya nchi. Anayetafuta kwa jina moja huyakosa yale mengine mawili, akadhani kwamba amemaliza.

Si kweli, basi, kwamba Kiswahili hakina maandishi ya kitaaluma. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina asili yake katika taarifa za ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki zilizoanza kutolewa mwaka 1930. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikitoa Mwanga wa Lugha. Huko Ujerumani, Swahili Forum lilianza mwaka 1994 na linasomwa mtandaoni bila malipo. Hazina tunayo. Kinachokosekana ni njia ya kuifikia, kwani mara nyingi hata makala yaliyoandikwa kwa Kiswahili huorodheshwa kwa ikisiri na maneno msingi ya Kiingereza.

Matokeo yake ni mabaya kuliko mradi mmoja wa shule kuharibika. Mtoto anayeuliza kwa Kiswahili mara tano na kurudi mikono mitupu mara tano hajifunzi kwamba mtambo una kasoro. Hujifunza kwamba lugha yake haina elimu. Hakuna mtu aliyemwambia hivyo, wala hapakuwa na mwalimu wa kumvalisha kile kibao cha aibu walichovalishwa wazee wetu walipozungumza lugha zao shuleni. Lakini kisanduku kitupu kitamfunza somo lile lile, kwa upole zaidi na kwa uhakika zaidi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hadhi hiyo haina maana ikiwa mwanafunzi wa Kenya hawezi kuitumia kuuliza swali la kilimo katika maktaba ya shule yake.

Wapo watakaonijibu kwamba sayansi ya dunia imeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba afadhali tuwahimize watoto watafute kwa lugha hiyo, basi. Sikatai kwamba watafute kwa Kiingereza. Binti yetu wa Trans Nzoia asingeifikia habari ya desmodi bila lugha hiyo. Ninachosema ni kwamba afunzwe kutafuta kwa lugha zote mbili, na afunzwe kuvuka kutoka moja hadi nyingine. Akishasoma kwa Kiingereza, atarudi kijijini kumweleza babake kwa lugha gani? Mtafiti asiyeweza kuifasiri elimu kwa lugha ya watu aliowachunguza ni sawa na mjumbe aliyefika na barua asiyoweza kuisoma.

Wengine watasema, na hoja yao ni nzito, kwamba shule isiyo na vyoo vya kutosha haina haja ya hifadhidata. Naelewa uchungu wao. Lakini fedha za mitambo zimekwisha kutumika, na zitaendelea kutumika. Tangu mwaka 2016 serikali imesambaza vifaa vya kidijitali zaidi ya milioni moja katika shule za msingi. Niliwahi kufika katika shule moja ya mashambani, ambayo sitaitaja, nikaonyeshwa tarakilishi zilizofunikwa vitambaa vizuri vilivyodariziwa. Hazikuwa zimeharibika. Hapakuwa na mtu aliyejua azitumie kwa jambo gani. Kukosa vyoo ni hasara, lakini kununua mtambo na kuuvika kitambaa ni hasara ya pili juu ya ile ya kwanza.

Tufanye nini, basi? Nina mambo manne ya kupendekeza.

La kwanza halihitaji umeme. Mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa Kiingereza watenge kipindi kimoja kwa wiki cha kufunza sanaa ya kuuliza. Wachukue mada moja, tuseme ukame, wagawe ubao sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza wanafunzi waandike maneno yote ya Kiswahili yanayohusu mada hiyo, kwa umoja na wingi, pamoja na visawe vyake. Katika ya pili waandike ya Kiingereza. Katika ya tatu waweke majina ya kisayansi na ya mahali. Kisha wafunzwe kuyaunganisha kwa kutumia kanuni ambazo msingi wake uliwekwa na mwanahisabati George Boole katika karne ya 19: "na" hupunguza matokeo, "au" huyapanua, na "si" huyachuja. Chaki inatosha kwa kazi hiyo. Siku watakapoketi mbele ya tarakilishi, hata kwa dakika kumi tu, watajua wanachokitafuta.

La pili ni mkutubi. Tume ya Huduma za Walimu huajiri walimu, lakini kazi ya maktaba huachwa iwe mzigo wa ziada wa mtu fulani. Shule kadhaa zilizo jirani zaweza kupewa mkutubi mmoja aliyesomea kazi hiyo, azizungukie. Nchi hii iliwahi kufanya makubwa zaidi: tangu mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa iliwapelekea vitabu wafugaji wa Kaskazini Mashariki kwa ngamia. Ikiwa ngamia aliweza kuyavuka majangwa na masanduku ya vitabu, mkutubi hashindwi kuivuka wilaya na kidude cha kuhifadhia makala mfukoni. Makala huria huruhusiwa kunakiliwa na kugawanywa, mradi mwandishi atajwe. Shule isiyo na mtandao yaweza kupelekewa makala hamsini yaliyochaguliwa kwa uangalifu, nayo yakasomwa kutoka katika tarakilishi moja au yakachapwa.

La tatu ni malipo. Mtu binafsi anayetaka kusoma makala moja ya jarida la kibiashara la ng'ambo mara nyingi huombwa dola 30 au zaidi, kiasi ambacho kwa mzazi wa kawaida ni chakula cha siku kadhaa. Hakuna shule iwezayo kuubeba mzigo huo peke yake, wala haipaswi. Maktaba za vyuo vikuu na taasisi zetu za utafiti zimekuwa zikichangiana gharama hizo kupitia muungano wao uitwao KLISC. Huko Georgia, Marekani, mradi wa GALILEO ulioanza mwaka 1995 kwa ajili ya vyuo vikuu vya umma ulipanuliwa baadaye ukawafikia wanafunzi wa shule na wasomaji wa maktaba za umma. Nasi twaweza kuufungua muungano wetu kwa shule za sekondari, na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ikaweka mlango wa kuingilia katika hazina yake ya mtandaoni ambayo tayari ipo. Hata kabla ya shilingi moja kulipwa, taasisi hiyo yaweza kuweka hapo orodha ya ghala za bure nilizozitaja.

La nne linatuhusu sisi wa vyuo vikuu, na hapa ndipo tunapopaswa kuacha kuinyoshea serikali kidole. Kila makala yanayoandikwa nchini, yawe ya kilimo, afya au historia, yawe na ikisiri ya Kiswahili na maneno msingi ya Kiswahili, hata kama matini yenyewe ni ya Kiingereza. Mstari mmoja wa maneno msita ungelitosha kumfikisha binti wa Trans Nzoia mlangoni. Idara za Kiswahili zishirikiane na wakutubi kutunga orodha ya vichwa vya mada, inayoonyesha kwamba tabianchi na tabia ya nchi ni jambo moja, na kwamba mkulima na wakulima ni ndugu. Nao wanafunzi wetu wa sayansi ya tarakilishi wapewe kazi ya kubuni mtambo unaovijua viambishi vya Kiswahili. Sarufi yake imekwisha kuelezwa vizuri tangu zamani, na kinachohitajika ni nia.

Ningeongeza kwamba Baraza la Mitihani lina nafasi yake. Maadamu wanafunzi husoma kile kinachotahiniwa, mradi wa utafiti usikadiriwe kwa ripoti pekee. Mwanafunzi atakiwe kuonyesha njia aliyoipita: alitumia maneno gani, alipata nini, aliyabadilisha vipi maneno hayo aliposhindwa, na kwa nini aliyaamini makala haya kuliko yale. Ukurasa mmoja wa maelezo hayo utamzuia mwizi wa maandishi ya wenzake, na utamtuza mtoto wa shule ya kutwa aliyepata makala mawili tu lakini akayasoma kwa makini.

Kundi hili la kwanza la sekondari ya juu halina muda wa kutungoja. Lina miaka mitatu, na sehemu ya miaka hiyo imeanza kuyeyuka. Tukingoja hadi kila shule iwe na mtandao ndipo tuanze kufunza, kundi hili litaondoka shuleni likiwa limenakili tu mambo kutoka popote yalipoonekana, na vyeti vyake vitadai kwamba lilifanya utafiti. Kipindi cha chaki na ubao nilichokitaja chaweza kuanza Jumatatu ijayo katika shule yoyote ya nchi hii. Walimu wa Kiswahili wasingoje waraka kutoka Nairobi ili waanze.